Puto la kilomita 30, kishada au rediosonde: mzazi na mtoto waanze na lipi?

Picha inayowatia watu wengi hamu ni moja: anga jeusi juu, ukanda mwembamba wa buluu katikati, na ukingo wa dunia uliojipinda chini yake. Mtoto akiiona atauliza kama na ninyi mnaweza kuipiga. Mnaweza. Mwaka 2009 wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani walitia kamera ndogo ya kawaida ndani ya boksi la kupozea vinywaji, wakaifunga kwenye puto la hali ya hewa, ikafika kilomita 28 hivi. Gharama waliyoitangaza ilikuwa dola 148. Mwaka uliofuata baba mmoja wa Brooklyn, New York, na mwanawe mdogo walirusha la kwao, wakalipata likiwa na video ya safari. Tangu hapo familia nyingi zimejaribu, na nyingine mpaka leo hazijui boksi lao liliangukia wapi.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jiulizeni mambo mawili. Kitu kikishapaa, mtakifuata na kukirudisha vipi? Na je, mtoto atakuwa na kazi ya mikono yake mwenyewe, au atasimama pembeni akimtazama mzazi anavyohangaika? Majibu yake ndiyo yanayoonyesha tofauti kati ya njia nne nitakazozilinganisha hapa: puto kubwa la mpira linalopanda hadi stratosfia (tabaka la hewa lililo juu ya mawingu ya kawaida), kishada au puto la kamba, puto dogo linalozunguka dunia, na uwindaji wa rediosonde, yaani viboksi vya vipimo vinavyorushwa na mashirika ya hali ya hewa.

Puto kubwa la mpira

Hili ndilo wengi wanalolifikiria. Ni puto lile lile la wataalamu wa hali ya hewa, la mpira laini, na huuzwa kwa uzito wa mpira wake: gramu 350, 600, 1,000, 1,200 na kuendelea. Likijazwa ardhini huwa na upana wa mita moja na nusu hivi. Kadiri linavyopanda, hewa ya nje inazidi kuwa haba na gesi ya ndani inazidi kutanuka, mpaka puto la gramu 600 linafikia upana wa kama mita 6 na kupasuka. Kwa mwendo wa kawaida wa mita 5 kwa sekunde, kilomita 30 huchukua takriban saa moja na dakika 40. Huko juu shinikizo la hewa ni kama asilimia 1 tu ya lile la usawa wa bahari. Puto likipasuka, boksi huporomoka kwa kasi kubwa kwanza, maana hewa haitoshi kuijaza parachuti, kisha hupunguza mwendo kidogo kidogo. Parachuti ikiwa ya kipimo sahihi, boksi hugusa ardhi kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde au pungufu.

Tuliseme mapema: hiyo si anga za mbali. Mpaka unaokubaliwa na wengi uko kilomita 100. Hata hivyo kutoka kilomita 30 upeo wa macho unafika zaidi ya kilomita 600 kila upande, na anga ni jeusi kweli kweli saa sita mchana.

Kwa upande wa sayansi, hapa ndipo penye utajiri kuliko njia zote. Tieni kipimajoto kinachorekodi, hata cha bei ndogo, kisha mwambieni mtoto achore grafu ya joto dhidi ya urefu. Joto litashuka, litashuka tena hadi nyuzi 50 au 60 chini ya sifuri, na katika ukanda wa tropiki hata kukaribia 80 chini ya sifuri kwenye kilomita 17 hivi. Halafu, jambo ambalo mtoto halitarajii, litaanza kupanda. Sababu ni ozoni, inayonyonya mionzi ya urujuanimno ya jua na kuipasha hewa ya huko joto. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort aliutangaza ugunduzi wa tabaka hilo, stratosfia, mwaka 1902 baada ya kurusha maputo mengi yasiyo na watu. Mtoto akiuona mstari wake ukikunja kona pale pale, ameona kwa kipimo chake alichokiona yule bwana. Mimi ningeithamini grafu hiyo kuliko picha kumi za anga jeusi.

Ubaya wake ni kwamba ni jambo la siku nzima, na lina nafasi moja. Kati ya kilomita 9 na 12 kunaweza kuwa na mkondo wa upepo unaozidi kilomita 200 kwa saa, na katika majira ambayo mkondo huo una nguvu boksi litawaacha mbali sana. Kamera ikizimika dakika ya kumi, hamtajua mpaka mlipate. Na huenda msilipate.

Kishada na puto la kamba

Njia hii hudharauliwa, na nadhani inaonewa. Picha ya kwanza kabisa ya kutoka hewani ilipigwa mwaka 1858 na Mfaransa Nadar, akiwa kwenye puto lililofungwa kamba karibu na Paris. Mwaka 1888 Arthur Batut alipiga ya kwake kwa kishada. Baada ya tetemeko la San Francisco mwaka 1906, George Lawrence aliinua kamera nzito kwa msururu wa vishada na kuupiga picha mji uliobomoka. Na mwaka 2010 mafuta yalipomwagika katika Ghuba ya Meksiko, watu wa kawaida walitumia vishada na maputo ya kamba kupiga picha za fukwe zao na kuchora ramani zao wenyewe.

Kishada kikubwa kwenye upepo wa wastani huinua kamera ya gramu 100 hadi 300 bila shida. Kamera haifungwi kwenye kishada chenyewe, kwa sababu kinatikisika mno. Hufungwa kwenye kamba, mita kadhaa chini yake, kwa fremu ya msalaba inayoning'inia kwa kamba nyembamba inayopita kwenye viringi vidogo. Kishada kikiinama, kamba inateleza kwenye viringi na msalaba unabaki sambamba na ardhi. Pierre Picavet aliibuni fremu hiyo mwaka 1912, na mtoto wa miaka tisa anaweza kuitengeneza kwa vijiti viwili. Siku zisizo na upepo, puto la kamba lenye mita moja ya ujazo ya heliamu huinua karibu kilo moja, ukihesabu na uzito wa puto lenyewe. Upepo ukianza tu, linalazwa chini, na hapo kishada ndicho chenye faida.

Ukingo wa dunia hamtauona. Kutoka mita 100 upeo uko kilomita 36 hivi, na mstari wake umenyooka. Lakini mtaona paa la nyumba yenu, njia za mkato zilizochongwa na miguu ya watu, mahali maji yanapotuama, na kivuli cha mtoto mwenyewe kikiwa kirefu kuliko yeye. Zaidi ya yote, makosa hurekebishwa papo hapo. Picha zimetoka na ukungu? Shusheni, badilisheni mpangilio wa kamera, pandisheni tena. Kwenye puto kubwa kosa kama hilo hungoja miezi.

Tahadhari ni chache ila si za mchezo: vaeni glavu, kwa kuwa kamba inayokimbia hukata ngozi, msirushe karibu na nyaya za umeme, wala wingu la radi likiwa linaonekana, wala karibu na kiwanja cha ndege. Nchi nyingi zina kikomo cha urefu. Uingereza, kwa mfano, kishada kisichoombewa ruhusa hakipaswi kuzidi mita 60.

Puto dogo linalozunguka dunia

Hapa mambo yanageuka. Badala ya mpira unaotanuka hadi kupasuka, hutumika puto la plastiki ngumu kiasi, wakati mwingine hata lile la kung'aa la sherehe, linalojazwa gesi kidogo sana. Likifika kilomita 10 hadi 13 hivi linakuwa limejaa, haliwezi kutanuka tena, nalo linaelea huko kwa siku, majuma, na yakijaliwa hata miezi. Chini yake kunaning'inia kifaa cha gramu 10 hadi 20: vipande vya sola, kipokezi cha GPS na kitumaji-mawimbi cha redio chenye nguvu isiyofika hata sehemu ya kumi ya wati. Ajabu ni kwamba ishara hiyo dhaifu husikika na vituo vya wapenzi wa redio vilivyo maelfu ya kilomita mbali, na ramani inajijaza yenyewe kila kunapokucha. Usiku kifaa kimekufa. Jua likichomoza kinafufuka.

Kamera hakuna. Uzito hauruhusu, isipokuwa kwa mafundi wachache wanaotuma vipicha hafifu kwa redio. Na puto halirudi. Kwa hiyo anayetafuta picha aipite njia hii, na asiyependa kuacha takataka mahali asipopajua ana haki ya kuikataa pia. Kwa mtoto anayependa ramani, lakini, ina raha yake: kila asubuhi kuna jina jipya la bahari au nchi, na upepo wa juu unakuwa kitu anachokifahamu kwa mwendo wake. Lazima mtu mmoja nyumbani awe na leseni ya redio ya ridhaa, na nchi chache hazikubali kifaa kama hicho kitangaze kikiwa juu ya ardhi yao.

Mnamo Februari 2023 puto dogo la klabu moja ya Illinois, Marekani, liliacha kusikika karibu na Alaska, wakati ule ule ambapo ndege ya kivita ya Marekani ilitungua kitu kisichotambulika juu ya Yukon, Kanada. Wengi wanaamini ni hilo hilo. Halikuthibitishwa, ila kisa hicho kimewafanya warushaji wawe waangalifu zaidi kuweka wazi habari za maputo yao.

Kuwinda rediosonde

Hii ni ya wenye mkoba mwembamba. Mashirika ya hali ya hewa duniani hurusha maputo kutoka mamia ya vituo, vingi mara mbili kwa siku, ili vipimo vilingane na saa 00 na saa 12 za saa ya kimataifa. Kila puto hubeba rediosonde, kiboksi chepesi kinachopima joto, unyevu na shinikizo huku kikitangaza mahali kilipo. Kwa kipokezi kidogo cha redio cha USB, kompyuta na antena ya waya mnaweza kusikia kinachosema kutoka mamia ya kilomita, na kuna ramani ya jumuiya iitwayo SondeHub inayoonyesha kila kimoja kinapoelekea. Kikianguka jirani, mnakwenda kukitafuta. Vingi havirudiwi na wenyewe, japo mahali pengine vina lebo inayoomba virudishwe. Isomeni na muiheshimu.

Hamjarusha chochote, na hamtakuwa na picha. Lakini mtoto amejifunza sehemu ngumu kuliko zote za puto kubwa, yaani kutabiri, kufuatilia na kutafuta porini, bila kuhatarisha hata kifaa kimoja chenu. Aina iliyozoeleka sana, Vaisala RS41, ndani yake ina kipokezi cha GPS kinachofanya kazi vizuri kwenye stratosfia. Wapenzi wengi huibadilisha programu na kuitumia tena kufuatilia puto lao wenyewe.

Kwa kifupi, zikiwekwa bega kwa bega:

| | Puto kubwa | Kishada / puto la kamba | Puto dogo | Rediosonde |
|---|---|---|---|---|
| Urefu | km 25–35 | mita 50–100 hivi | km 10–13 | km 30 au zaidi, puto si lenu |
| Picha | za ukingo wa dunia | za mtaa wenu, kwa undani | karibu hakuna | hakuna |
| Kurudia mkikosea | gharama na siku nyingine | papo hapo | puto jipya | kesho yake |
| Hatari ya kupoteza vifaa | ipo kweli | ndogo | hakika | hakuna |
| Leseni ya redio | hutegemea kifaa | haihitajiki | lazima | kusikiliza tu, mara nyingi haihitajiki |

Mimi ningeanza na kishada, niende kwenye rediosonde, ndipo nirushe puto kubwa. Mtoto wa miaka sita hadi tisa anakidhibiti kishada mwenyewe akiwa na mtu mzima ubavuni. Wa kumi na kuendelea anaweza kubeba kazi halisi za puto kubwa. Kijana anayependa kuchomelea saketi ndiye wa puto dogo. Lakini kama moyo wa mtoto uko kwenye anga jeusi tangu mwanzo, msimpotezee miezi kwa vishada asivyovitaka. Yanayofuata ni ya wale walioamua kwenda juu.

Simu, setilaiti au redio

Watu hutumia muda mwingi wakibishana kuhusu kamera. Kamera ikiwa mbaya mtapata picha mbaya. Kifaa cha kufuatilia kikiwa kibaya hamtapata kitu. Fedha za kwanza ziende hapa.

Simu yenye laini ndiyo rahisi kuliko zote, na wale wa MIT waliitumia wakafaulu. Tatizo ni kwamba antena za minara zimeelekezwa chini kwa watu, si juu. Baada ya kilomita chache simu haina mtandao, na itauona tena ikiwa tu boksi limetua penye mtandao. Mashamba na misitu, ambako upepo hupenda kuyapeleka maboksi, mara nyingi hakuna. Marekani sheria inakataza kutumia simu za mkononi hewani katika baadhi ya masafa ya mawimbi. Iwe akiba, isiwe tegemeo.

Kifaa cha setilaiti, kile cha wapanda milima, hutuma mahali kilipo kila baada ya dakika kadhaa. Vinavyotumia setilaiti 66 za Iridium hushika popote duniani. Mitandao mingine ina mapengo, kwa hiyo tazameni ramani ya huduma yake kabla ya kulipia. Kasoro yake ni kwamba kinahitaji kuliona anga. Boksi likitua kifudifudi juu yake, kimya. Ndiyo maana wengi hukiweka juu kabisa ya boksi na kulifanya boksi liwe pana na fupi, lisipinduke kirahisi. Kazi ya mtoto hapa ni ndogo, kwani mnanunua, mnawasha, mnangoja.

Redio ndiyo inayomshirikisha. Kifaa kidogo cha redio hutuma urefu, joto na mahali kila sekunde kadhaa, na kwa kuwa puto linaonekana moja kwa moja kutoka mbali, nguvu ya sehemu ya kumi ya wati inatosha kusikika mamia ya kilomita. Mtoto anakaa kiti cha nyuma na antena ya mkono, anasoma namba kwa sauti: kilomita 12, kilomita 15, bado linapanda. Halafu namba zinaanza kurudi nyuma na gari zima linapiga kelele. Likishatua, umbali wa kusikika hupungua hadi kilomita moja au mbili, na hapo antena ya mkono ndiyo inayowapeleka hadi kwenye mti wenyewe. Leseni inahitajika kwa masafa mengi ya mawimbi ya redio, na kuisomea pamoja ni mradi kamili peke yake.

Kuna mtego mmoja unaozigusa njia zote tatu. Vipokezi vingi vya GPS vimewekewa kikomo, urithi wa sheria za kuzuia visitumike kwenye makombora, na vingine hunyamaza vikizidi kilomita 18 hata kama mwendo ni wa konokono. Kimya hicho si mwisho wa dunia, maana hurejea kikishuka chini ya hapo, lakini hamtajua puto lilifika wapi. Vipokezi vingine vina mpangilio maalumu wa vyombo vya angani unaofika kilomita 50, na lazima muuwashe wenyewe.

Chaguo langu ni setilaiti pamoja na redio, na kama fedha hazitoshi, setilaiti pamoja na simu. Kamwe isiwe kimoja peke yake.

Kamera ipi

Kamera ya michezo ni nyepesi, ngumu, na huona upana mkubwa. Lakini lenzi yake ya jicho la samaki hudanganya: upeo ukiwa juu ya fremu unapinda huku, ukiwa chini unapinda kule, na ukiwa katikati unanyooka. Kama mtoto anataka kupima mkunjo wa dunia, chagueni mpangilio unaonyoosha picha. Mkunjo wa kweli kutoka kilomita 30 upo, ila ni mpole kuliko picha za mitandaoni zinavyoonyesha.

Kamera ndogo ya zamani ya mfukoni hutoa picha safi na mara nyingi ipo kabatini bila kazi. Baadhi ya Canon hukubali programu ya nyongeza ya CHDK inayoiagiza ipige kila baada ya sekunde kadhaa. Simu ya zamani nayo ina kila kitu ndani, ila ni nzito kiasi, na baridi huweza kuizima huku betri ikionyesha bado imejaa nusu. Ningeiweka ya tatu.

Baridi na joto hupambana ndani ya boksi. Betri za alkalini hufa kwa baridi. Za lithiamu zisizochajiwa hustahimili hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na ni nyepesi pia. Upande wa pili, hewa haba haiondoi joto, na kamera ya michezo iliyofungiwa kwenye povu nene inaweza kujizima kwa kupata moto. Lenzi ichungulie nje moja kwa moja, bila plastiki mbele yake, kwa sababu ukungu hugandia hapo kwanza. Jaribio la kuligundua hili liko nyumbani: fungeni boksi kamili, kila kitu kikiwa kimewashwa, mlilaze kwenye friza kwa saa mbili na nusu. Mtoto aandike muda wa kila kifaa kuzimika. Kinachokufa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri hakina biashara stratosfia.

Heliamu au hidrojeni, na kiasi gani

Hidrojeni huinua zaidi kwa takriban asilimia 8 na kwa kawaida ni rahisi kwa bei. Pia huwaka ikichanganyika na hewa kwa kiwango chochote kati ya asilimia 4 na 75, na cheche ya umeme tuli wa nguo inatosha kuiwasha. Mtoto akiwepo, ni heliamu. Ulizeni usafi wake, kwa sababu gesi nyingine ya maputo ya sherehe imechanganywa na hewa, na hesabu zenu zote zitapinda. Na isivutwe mdomoni kwa mzaha wa sauti nyembamba. Moja kwa moja kutoka kwenye mtungi inaweza kuua.

Kiasi ndicho chenye hesabu tamu. Mita moja ya ujazo ya heliamu huinua takriban kilo moja usawa wa bahari. Puto la gramu 600, mzigo wa gramu 800 na gramu 700 za ziada za kulipandisha ni kilo 2.1, basi mita 2.1 za ujazo. Mtoto ajaze maji kwenye chupa mpaka mizani isome kilo moja na nusu, ambayo ni mzigo pamoja na ile ziada, aining'inize kwenye shingo ya puto. Siku upepo umetulia, chupa ikianza kusitasita ikielea, fungeni. Vaeni glavu safi msilikwaruze puto, kwa kuwa mkwaruzo mdogo huwa tundu likishatanuka.

Mkiongeza gesi, puto hupanda haraka, hupasuka mapema na chini zaidi, na hutua karibu. Mkipunguza, hupanda polepole, hufika juu zaidi, na hupeperushwa mbali. Mkizidisha ubahili linaweza kuelea bila kupasuka na kuwaaga kabisa. Kwa mara ya kwanza mimi ningepoteza kilomita tatu za urefu ili nisipoteze boksi.

Ruhusa na siku yenyewe

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, huyaita mepesi maputo huru yenye mzigo wa jumla usiofika kilo 4, na nchi nyingi hujenga kanuni zao juu ya hapo. Marekani mzigo mdogo uliofungwa kwa kufuata masharti hausumbuliwi sana. Uingereza lazima muombe ruhusa mapema. Kokote mlipo, wasilianeni na mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kuagiza puto. Boksi liandikwe namba ya simu na maneno makubwa kwamba ni mradi wa shule usio na hatari, kwa kuwa atakayeliokota hajui ninyi ni nani.

Kuanzia wiki moja kabla, mtoto afungue kila jioni programu ya kutabiri njia ya puto, ile iliyoanzishwa na wanafunzi wa klabu ya Cambridge University Spaceflight huko Uingereza, aingize kasi ya kupanda, urefu wa kupasukia na kasi ya kushuka, na atie alama kwenye ramani. Alama za siku tatu za mwisho zikisogeleana, utabiri umetulia. Zikirukaruka, au zikiangukia ziwani, mjini au ng'ambo ya mpaka, ahirisheni bila huruma. Gesi kwenye mtungi uliofungwa haiharibiki. Na boksi likitua kwenye shamba la mtu, bisheni hodi kwa mwenyewe kwanza, mtoto akiwa mbele na picha ya puto mkononi.